Mstari Mmoja wa Kihaya

Hamugembe, Bukoba
Alasiri, siku moja kabla ya meli

Asimwe mwanangu,

Umetoka sasa hivi na binti wa shangazi yako kwenda Kashai kuwaaga wenzako mliosoma nao, na nimekuona ukigeuka pale penye migomba kunipungia mkono kana kwamba ndiyo safari yenyewe. Nikasema moyoni, afadhali. Shangazi yako yuko jikoni anamenya ndizi na hataki mtu karibu. Nimebaki mezani na kalamu yako ya wino, niliyoichukua bila ruhusa, na mpaka mrudi nataka niwe nimemaliza. Nikiliacha jambo hili mpaka kesho bandarini, najijua: nitakushika mkono, nitasema "Mungu akutangulie," na meli itaondoka na maneno hayo mawili tu.

Mambo ya sweta, ya chakula cha kwenye treni, ya kuficha nauli, shangazi yako amekwisha kukuambia na kesho atakuambia tena. Mimi siyagusi. Nataka kukuambia jambo la mama yako.

Wewe unaamini kwamba mama yako alijua uzazi wako utamwua, akakubali, akakuchagua wewe kuliko uhai wake. Hivyo ndivyo alivyokusimulia bibi yako, na dada zako, na hivyo ndivyo wanavyosema wanawake wa parokia kila wanapokushika kichwa. Wote hao niliwaambia mimi. Si kweli, Asimwe. Hakujua, kwa sababu mtu aliyetumwa kumwambia hakumwambia. Mtu huyo ni mimi.

Sasa nimeandika. Nilidhani mkono utakataa.

Nianze na daftari. Utalikuta kwenye sanduku lako la bati, chini ya kanga za dada zako, na barua hii ndani yake. Jalada limeliwa na mende, lakini maandishi yanasomeka. Ni la miaka ile kabla ya Uhuru, nilipokuwa kwenye hospitali ya misheni kule kwetu Muleba. Unajua niliingia pale kufagia na kuchemsha sindano. Nilikuwa na darasa la nane na Kiingereza cha kuokoteza. Daktari alikuwa Mwingereza, mtu mwema mwenye haraka. Wodi ya akina mama ilikuwa ya Sista Beata, mzee kutoka Kanada, upande ule wanakosema Kifaransa. Kiingereza kilikataa kuingia kichwani mwake, na Kihaya chake kiliishia kwenye salamu. Jioni daktari aliacha maagizo kwa Kiingereza, na Sista aliyatazama kama mtu anayetazama mvua. Ndipo akaamua kunifundisha mimi, mfagiaji, niwe mdomo wake.

Alinifundishia kwenye chumba cha kufulia. Na unajua alianzia wapi? Vitenzi. Alisema majina ya vitu nitayaokota mwenyewe, lakini Mwingereza na Mfaransa hupoteana kwenye vitenzi. Ukilifungua daftari utaona: kushoto Kiingereza cha daktari, kulia Kifaransa cha Sista. Look for, kutafuta, chercher. Look after, kumtunza mtu, soigner. Look into, kulichunguza jambo, examiner. Mimi nilizoea kuona Kiingereza ni kama mama mwenye sufuria moja. Kila siku anapikia humohumo, anabadilisha kiungo tu. Kifaransa kina chungu chake kwa kila mboga. Mwanzoni nilikuwa nahamisha sufuria nzima, na Sista akacheka mpaka akaketi juu ya mashuka.

Alikuwa na njia yake. Alisema, "Paulo, usiguse neno. Funga macho, mwone mtu anafanya nini, halafu nifanye mimi nimwone vilevile." Basi nikawa nafanya kwa mwili. Put down, nalitua beseni. Put away, nalirudisha rafuni. Put off, kuahirisha, nikalishika beseni, nikalitazama, nikaliacha, nikaenda zangu. Wagonjwa walikuwa wakichungulia dirishani. Kulikuwa na mzee mmoja aliyevunjika mguu kwa kuanguka na mkungu wa ndizi, alinisimanga kila siku.

"Paulo, leo tena umeshindwa na beseni?"

"Najifunza Kifaransa, mzee wangu."

"Kumbe Kifaransa ni kubeba maji! Mke wangu anakijua tangu zamani."

Nakuandikia haya kwa sababu yalikuwa na furaha, na wewe una haki ya furaha yake pia. Nilikipenda kile kitu. Nilikuwa nikirudi nyumbani naviimba vile vitenzi njia nzima, na mama yako, Anastazia, alikuwa akinipokea mlangoni na kuniambia, "Sema kimoja." Nasema. Yeye anakirudia vibaya makusudi, tunacheka. Alikuwa hakusoma. Lakini sikio lake, Asimwe! Alijua mtu ameongeza au amepunguza kabla hajamaliza kusema. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Sasa upande wa pili. Nilikuwa na wasichana watatu, Jeneroza na wadogo zake wawili. Kwa mwingine hilo ni jambo la shukrani. Kwa mtu mwenye kibanja cha migomba cha ukoo, chenye makaburi ya babu yake na baba wa babu yake ni swali linaloulizwa kila kwenye pombe. Nani atakuwa mrithi? Nani atayafyekea makaburi yale? Baba yangu alikuwa hai bado, hakusema kitu, alinitazama tu. Aliyesema ni kaka yangu mkubwa. Siku moja mbele ya watu, kibuyu cha rubisi kikiwa kinazunguka, akasema, "Huyu ndugu yetu ni msemaji wa Wazungu. Anazungumza na kila mtu. Hebu azungumze na tumbo la mkewe litupe mwanamume." Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia. Kicheko kile, mwanangu, ndicho nilichorudi nacho nyumbani, na nikalala nacho miezi.

Uzazi wa dada yako wa tatu ulimweka mama yako hospitalini siku nyingi. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Siku ya kumruhusu, daktari alikuja kando ya kitanda. Tulikuwa wanne: yeye, Sista Beata, mama yako amekaa na mtoto, na mimi katikati, ndiyo kazi yangu. Daktari akaniambia kwa Kiingereza: Mwambie mkeo moyo wake ni mgonjwa. Kupumzika hakutauponya. Asishike mimba tena, kamwe, akishika, atakufa.

Hapakuwa na neno gumu hata moja. Hapakuwa hata na kitenzi cha kwenda kukitafuta daftarini. Nataka ulijue hilo, kwa sababu watu hudhani mkalimani huanguka kwenye maneno magumu.

Nikamgeukia Sista kwanza. Nikamwambia kwa Kifaransa, yote, moja kwa moja, bila kukwama. Na Sista, pamoja na huzuni yake, akaniambia, "Très bien, Paul." Vizuri sana. Sentensi ile aliiandika kwenye kitabu chake kama nilivyoisema. Yaani mgeni, ambaye halikumhusu, nilimpa kweli tupu.

Kisha nikamgeukia mama yako. Akaniuliza, "Amesemaje?"

Nikamwambia, "Anasema umechoka. Upumzike, mpaka nguvu zirudi."

"Mbona yeye amesema marefu, wewe mafupi?"

"Kiingereza kina maneno mengi."

Akanitazama kidogo. Kisha akamfunga mtoto mgongoni.

Nimejiuliza maisha yangu yote niliwaza nini pale. Ningependa kukuambia nilitaka kumlinda na hofu. Ndivyo sisi tulivyolelewa, habari mbaya haipelekwi uchi, unaizungusha, unaivika nguo, mtu aliyekufa Jumatatu unasema anaumwa mpaka Jumatano. Kuna ukweli hapo. Nilijiambia nitamwambia nyumbani, taratibu, nikishaivika nguo. Lakini chini yake kulikuwa na kile kicheko cha kwenye pombe. Nilitaka mtoto wa kiume, na nikamsingizia Mungu. Nilisema moyoni, akitaka kumponya atamponya. Niliomba rozari kila jioni nikiwa na neno la daktari mdomoni, na sikulitema.

Alipumzika. Mwaka mzima na zaidi alipumzika kama nilivyomwagiza, maskini, akinywa maziwa na kukaa kivulini, akidhani anamtii daktari. Kisha akaja kuniambia ana mimba, na alikuwa anacheka. "Nguvu zimerudi, Baba Jeneroza," akasema. Hata hapo ningeweza kusema. Kuna ukurasa humo daftarini wenye kile kitenzi cha kuahirisha, na karatasi imechanika mahali nilipoikandamiza kalamu. Ni siku ile.

Daktari alikuwa amekwenda kwao likizo. Sista Beata alipomwona mama yako na tumbo, alishika ukuta. Akaniambia nimuulize: anajua anachokifanya? Amekubali? Nikamgeukia mama yako, nikamwambia, "Sista anauliza hali yako."

Akajibu, "Mwambie namshukuru Mungu."

Na hilo nililitafsiri sawasawa. Nilimwambia Sista, anasema anamshukuru Mungu. Sista akajifunika uso kwa mikono, akalia, akampigia mama yako ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Mama yako akaniuliza, "Analia nini?" Nikasema, "Wazungu wakizeeka hulia ovyo." Unaona? Majibu mawili, yote yamepita mdomoni mwangu, na wanawake wawili wamesimama hatua moja, kila mmoja akimpenda mwenziwe kwa kitu ambacho hakikusemwa.

Ulizaliwa asubuhi, mvua ya vuli ikinyesha. Hukulia sana. Nilipoambiwa ni msichana, sitakuficha, nilisikia kitu kikianguka ndani yangu, na kabla hakijafika chini nikaona uso wa mama yako, nikasahau mrithi, nikasahau kaka yangu na kibuyu chake. Alikuwa hana pumzi. Alinishika kidole hiki cha kati. Akasema, polepole, kwa Kihaya chetu, na mimi nakupa kama nilivyosikia:

"Siku ile Sista alinitazama. Mtu hatazamwi hivyo kwa kuambiwa apumzike."

Akatafuta pumzi, akaendelea:

"Nilikuwa nakusubiri uniambie mwenyewe."

Nikamwambia. Nilimwambia sentensi yote ya daktari, karibu miaka miwili baada ya kutumwa, wakati haikuwa na kazi tena. Alitazama dari. Kisha akasema, "Nipeni mtoto." Wakakuweka kifuani pake. Alikunusa kichwa, hapa juu, mahali panapopiga. Akakushika mpaka mikono ikalegea, ndipo Sista akakuchukua.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Sijui kama alinisamehe. Sijui alianza kushuku lini, na kama aliposhuku mimba ilikuwa imekwisha kuingia au la. Watu wangependa nikwambie alikuchagua. Siwezi kukuambia hivyo, sikusikia akisema. Lakini aliposikia yote, baada ya kujua yote, aliomba apewe wewe. Hilo nililisikia, na ni lake mwenyewe, silo langu.

Kwenye msiba Sista Beata alisimama mbele ya watu, akasema kwa Kifaransa kwamba Anastazia aliambiwa, akajua, akatoa uhai wake kwa hiari kwa ajili ya mtoto, na kwamba yeye hajaona utakatifu kama ule. Akanitazama nitafsiri. Nilikuwa nimenyolewa kichwa, kaka yangu amenishika bega, mama wa marehemu amekaa mbele yangu kwenye majani. Nikatafsiri. Neno kwa neno. Haijapata kutoka tafsiri safi kama ile mdomoni mwangu, na ilikuwa uongo mtupu. Bibi yako akaacha kulia, akanyoosha mikono akuchukue, akasema, "Basi aitwe Asimwe. Mungu ashukuriwe." Jina lako limetoka hapo. Usilichukie. Yeye alilitoa kwa moyo mweupe.

Nilikwenda kuungama. Padre aliniuliza, "Unajuta?" Nikasema, najuta uongo wangu. Akasema, "Kama siku ile ingerudi, ungemwambia kweli?" Na mimi, mwanangu, nikashindwa kujibu. Bibi yako alikuwa nje ya kanisa amekubeba, ulikuwa unalia njaa, nakusikia. Ningesema kweli siku ile, mama yako angekuwa hai na wewe usingekuwapo. Nilijaribu kutamani hivyo kwa ajili ya toba, nikashindwa. Kila nikifika pale nasikia kilio chako. Mwisho padre akasema, "Jutia uongo. Mtoto mwachie Mungu." Nimefanya hivyo miaka kumi na minane na bado kila Kwaresima nafika palepale na kukwama.

Niliacha kazi ya hospitali. Sikuoa tena, walisema nampenda marehemu mno, na ni kweli, lakini si hilo tu. Kibanja kile nilichokitafutia mrithi nimekilima na ninyi wasichana wanne, na makaburi yamefyekwa kila mwaka kuliko ya mtu yeyote mwenye wana.

Jambo moja nililojifunza utalikumbuka, ulikuwapo. Ule mkutano wa kijiji, ofisa alipokuja na habari ya shamba la ujamaa, na wazee hawasikii Kiswahili vizuri, wakaniita. Akasema kila Jumamosi kazi, asiyekuja atatozwa faini. Akaninong'oneza, "Waambie kwa upole, mzee." Nikawaambia kama alivyosema, na faini yake. Ma Leokadia, mmoja wa wazee hao, akainuka na fimbo yake, akasema yake kwa Kihaya. Nikamgeukia ofisa: "Anasema, ndugu, na shamba la mama yako wewe huko kwenu nani analilima Jumamosi?" Watu wakavunjika mbavu. Ofisa akakunja uso: "Umeongeza hilo."

"Sikuongeza, ndugu. Wala sipunguzi tena."

Wewe ulicheka siku ile ukasema baba yako hana woga. Ndiyo maana ukasema na wewe utakuwa mkalimani. Nilikutazama, nikataka kukuambia ujasiri ule umetokana na nini, nikaahirisha. Kitenzi kilekile.

Sasa unakwenda Dar es Salaam kusomea Kiingereza na Kifaransa, ukae kati ya wakubwa wetu na wageni wa Burundi na Zaire. Watakufundisha vitenzi vyote, na vizuri kuliko Sista Beata. Sina la kuwaongezea. Ila hao utakaowatafsiria watakuwa wageni kwako, na kwa mgeni kusema kweli ni rahisi. Mimi kwa mgeni sikukosea hata siku moja. Siku itakapokuja ambayo yule anayengoja jibu ni mtu unayempenda, na wewe mwenyewe una haja na jibu hilo, simama kidogo. Nenda hata nje unywe maji. Halafu rudi useme.

Nasikia sauti zenu huko chini. Binti wa shangazi yako anacheka kama kawaida yake, atakuwa amekusimulia jambo la uongo.

Ukurasa wa mwisho wa daftari nilikuwa nimeuacha mtupu. Leo nimeandika sentensi ile ya daktari. Kushoto Kiingereza chake, kulia Kifaransa nilichosifiwa. Chini yake nimeandika Kihaya, kama nilivyopaswa kumwambia Anastazia akiwa amekaa pale kitandani na mtoto. Nilidhani kitajaza ukurasa. Kimekuwa mstari mmoja.

Nitaliweka hili sandukuni sasa. Ukilisoma kwenye meli au ukilisoma Dar es Salaam, sijui; lakini ukilisoma utanijibu, au hutanijibu. Ukinijibu, niandikie kama ilivyo moyoni mwako. Kama ni hasira, iwe hasira. Usinizungushie, usiivike nguo kwa sababu mimi ni baba yako na nimezeeka. Lugha yoyote utakayotumia katika zile tatu za daftarini au hii ya nne ninayokuandikia, nitaisoma yote.

Umefika mlangoni. Unaniuliza kalamu yako iko wapi.

Baba yako,
Paulo